Barua kwa dada: shule ya Izieu

Lyon, Ufaransa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi huku ni mzima.

Uliniandikia kwamba wanafunzi wako wanakariri miaka ya Vita Kuu ya Pili bila kumwona mtu hata mmoja ndani yake. Basi waanzishie na Izieu, kijiji cha milimani mashariki mwa Lyon. Nimefika huko, na tangu nirudi sijaacha kukuwaza wewe na darasa lako.

Kuna nyumba kubwa inayotazama bonde la mto Rhône. Mei 1943 nesi mmoja Myahudi, Sabine Zlatin, na mumewe Miron walianza kuwahifadhi humo watoto wa Kiyahudi. Wengine Sabine alikuwa amewatoa kwenye kambi za Agde na Rivesaltes, ambako serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ilizifungia familia zilizokimbia Ujerumani, Austria na kwingineko. Wazazi wengi walikuwa wameshapakiwa kwenye treni za kwenda kambi za mauaji mashariki. Eneo lile lilishikwa na Waitalia, nao hawakuwakabidhi Wayahudi kwa Wajerumani.

Kilichonichoma zaidi ni shule. Pierre-Marcel Wiltzer, mkuu wa serikali pale wilayani, aliwasaidia, na Oktoba 1943 wakapangiwa mwalimu, Gabrielle Perrier, binti wa miaka 21. Dada, watoto wanaowindwa, halafu wana mwalimu wa serikali, madawati na daftari! Walichora, wakawaandikia wazazi wao barua. Baadhi ya michoro na barua hizo ipo mpaka leo.

Lakini Septemba ile Italia ilikuwa imesalimu amri na Wajerumani wakaingia. Sabine aliona hatari, akasafiri hadi Montpellier kutafuta mahali pa kuwatawanya watoto. Hakuwahi. Tarehe 6 Aprili 1944, Alhamisi Kuu, shule ikiwa imefungwa kwa Pasaka, Gestapo wa Lyon, polisi wa siri wa Wanazi, walifika na malori wakati wa kifungua kinywa, kwa amri ya mkuu wao, Klaus Barbie. Walichukua watoto 44 na watu wazima 7. Léon Reifman peke yake aliruka dirishani akaponyoka. Sabine alipata simu ya maandishi yenye mafumbo: familia inaumwa, ugonjwa wa kuambukiza.

Jioni ile Barbie aliiarifu Paris kwamba nyumba ya watoto imesafishwa, na kwamba pesa au mali nyingine hazikupatikana. Mali gani, Dada, kwa mtoto wa miaka minne?

Watoto 42 waliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Wavulana wawili wakubwa na Miron walipigwa risasi Estonia. Kati ya wote waliokamatwa alirudi mlezi mmoja tu, Léa Feldblum.

Waambie pia wanafunzi kwamba watoto zaidi ya 100 walipita katika nyumba ile, na wengi wa waliohamishwa mapema walipona. Wasidhani kuficha watoto kulikuwa kazi bure.

Na wasimulie habari za mama mmoja, Ita-Rosa Halaunbrenner. Binti zake Mina na Claudine, wa miaka 8 na 5, walichukuliwa Izieu. Mumewe na mwanawe mkubwa nao waliuawa. Mwaka 1972, Barbie akiwa amejificha Bolivia kwa jina la bandia, mama huyu alikwenda La Paz pamoja na Beate Klarsfeld, mwanamke Mjerumani aliyewasaka Wanazi waliojificha, wakajifunga minyororo kwenye benchi hadharani wakidai mtu huyo arudishwe. Alirudishwa Ufaransa mwaka 1983. Mwaka 1987 mama alisimama mahakamani hapa Lyon akaeleza habari za wanawe, na tarehe 4 Julai Barbie akahukumiwa kifungo cha maisha.

Picha za darasa nitakutumia kwa simu Jumamosi. Ukishafundisha, niandikie walichouliza wanafunzi. Maswali yao nayataka yote. Nisalimie mama sana.

Mdogo wako akupendaye