Kirusi cha homa ya ini hakitafuni ini

Ndugu mhariri, salaam na pole na kazi.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Igoma, Mwanza. Mdogo wangu anavua dagaa kule Igombe, mwaka jana alipima akakutwa na homa ya ini B, na tangu siku hiyo kila anayekutana nae mwaloni anamwambia kirusi kinakutafuna ini, wahi dawa ya kusafisha, akaishia kununua machupa kwa muuza mitishamba mmoja, kanywa miezi mitatu na hataki kurudi kupima sababu eti anajisikia fiti.

Hapo kwenye kujisikia fiti ndo pananiuma. Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli, kinaingia tu kinaigeuza seli karakana yake, kinajitengenezea nakala na zinatoka bila kuipasua. Anayeua ni kinga yetu wenyewe! Askari wa mwili wakiona seli ina alama za adui wanaimaliza pamoja na adui aliyemo, na hii vita inaweza kwenda miaka 20 au 30, ini linajaa makovu, wengine wanapata kansa, na miaka yote hiyo mtu anavuta nyavu kama kawaida.

Na virusi havifanani jamani. Cha polio kinajaza seli mpaka inapasuka. Cha ukimwi ndo kilinishangaza zaidi, watafiti wa taasisi ya Gladstone, San Francisco, walionyesha 2013 kwamba seli nyingi za CD4, yaani askari wa kinga wanaoshambuliwa na kirusi hicho, zinazokufa ni zile ambazo kirusi kimekwama ndani hata hakijafanikiwa kuzaliana, seli inashtuka inajilipua yenyewe, na ule mlipuko unaita seli nyingine zije nazo zifie palepale.

Ndo maana tukikimbilia amoksilini kwa kila homa tunapoteza hela, ile inabomoa ukuta wa bakteria na kirusi hakina huo ukuta, kinafanyia kazi ndani ya seli zetu. Dawa ya maana ni inayogusa kitu cha kirusi peke yake. Tenofovir, hiyo hiyo iliyomo kwenye ARV, inakizuia cha homa ya ini B kujinakili, ila haikifukuzi kilichojificha kwenye kiini cha seli, kwa hiyo ukiiacha ghafla kinaweza kurudi kwa nguvu. Sio kila mwenye kirusi anaanzishiwa, daktari anaangalia vipimo kwanza, sasa asiyepima ataangaliwa nini? Homa ya ini C yenyewe siku hizi inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12.

Chanjo ya B ilianza kwa watoto wetu 2002, sisi watu wazima wengi hatuna. Ombi langu kwa wahusika wa afya, leteni vipimo na chanjo mialoni wakati wa mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa wanategemea giza na taa, mwezi ukiwa mkubwa wapo nchi kavu wamekaa tu. Dozi ni 3, ya pili inafuata baada ya mwezi mmoja, yaani mbalamwezi inayofuata unawakuta palepale, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mdogo wangu nimeshaongea nae, mbalamwezi hii tunaenda wote kupima.

Msomaji wenu, Igoma, Mwanza