Barua kwa mwanangu: Mpe Röskva kazi

Mwanangu Zawadi,

Rasimu ya hadithi yako nimeisoma yote. Safari ya Thor, mungu wa radi wa watu wa kale wa Skandinavia, kwenda nchi ya majitu umeichagua vizuri, maana watoto wamo tayari: Thjalfi na dada yake Röskva. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeiandika katika karne ya 13, anamtaja Röskva njiani, kisha hatumsikii tena. Hapo ndipo penye nafasi yako.

Kwenye mbuzi usiruke hatua. Thor anawachinja wawili wanaokokota gari lake, anawachuna, nyama inachemshwa. Ngozi zinatandazwa kando, mbali na moto, na kila mlaji anatupia mifupa juu yake. Kabla hakujapambazuka anazibariki kwa nyundo yake Mjölnir, mbuzi wanasimama wakiwa hai. Wewe umeandika tu kwamba mmoja aliamka anachechemea. Kwa nini? Thjalfi alipasua mfupa wa paja kwa kisu ili apate uboho, na watoto wale wakatolewa kwa Thor kama fidia. Bila kisu hicho hakuna hadithi. Röskva amwone kaka yake akipasua, anyamaze.

Kwa Útgarða-Loki, mfalme wa majitu (si yule mungu mjanja Loki anayefuatana na Thor, sura ya pili umewachanganya) mashindano yote ni hila. Loki anashindana kula na Logi, wanakutana katikati ya hori, ila Logi amemaliza nyama, mifupa na hori lenyewe: ni moto. Thjalfi anashindwa mbio na Hugi, ambaye ni fikra. Thor anapiga mafunda matatu katika pembe ambayo ncha yake imo baharini, na ndiko kulikotoka maji kupwa. Anamnyanyua paka, unainuka mguu mmoja tu, kumbe ni nyoka aliyeizunguka dunia. Kisha ajuza Elli, yaani uzee, anampigisha goti.

Siri zote hutolewa asubuhi, wageni wakishatoka nje ya lango. Ya paka umeitoa usiku uleule, utamu ukaisha. Ukitaka msomaji ashuku, Röskva aone chumvi ikikauka kwenye ndevu za Thor, basi, usieleze.

Kofia zenye pembe zifute. Hizo si za kale, zimeenezwa na mavazi ya opera ya Mjerumani Wagner ya 1876. Na Loki si mwana wa Odin, mkuu wa miungu, ni ndugu yake wa kuchanjiana.

Iandike upya sura ya tatu kabla hujagusa ya nne.

Mama yako