Mhariri, chaji ya simu isiunganishwe kwenye leza hivi hivi tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi nijibu barua ya mwalimu mmoja mliyoitoa, aliyesema amechoka kununua betri za saa kwa ajili ya zile leza ndogo za kushika mkononi anazotumia darasani, na akashauri walimu wenzie wakate waya wa chaji ya simu waunganishe moja kwa moja, eti leza inawaka "vizuri kuliko mwanzo". Mwalimu wangu nakuheshimu, wazo la kuachana na betri ni zuri kabisa na mi mwenyewe nalifanya kila siku kwenye kibanda changu cha ufundi, ila hiyo kuwaka vizuri kuliko mwanzo ndo ugonjwa wenyewe.

Watu wengi wanaogopa ile namba ya ampia, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Anaona chaji imeandikwa 5V 2A anasema hii itaunguza. Hapana, 2A ni kiwango cha juu ambacho chaji inaweza kutoa, haisukumi zote kwa nguvu, kifaa kinachukua kinachohitaji. Shida ni kwamba daiodi ya leza, yaani kile kidude cha ndani kinachotoa mwanga, haijui kujizuia. Ikishafikia volti zake, ambazo kwa leza nyekundu ni kama 2.2 hivi, ukiongeza volti kidogo tu mkondo unapaa. Leza za bei chee ndani hazina saketi yoyote ya maana, unakuta rizista moja tu, yaani kidude cha kupunguza mkondo, na kazi nyingine ya kuzuia inafanywa na betri zenyewe manake betri ndogo ina ukinzani wake ndani. Betri ya saa ni kama duka la Mangi pale mtaani, hata ukitaka kreti kumi kwa mpigo hana, sasa chaji ya simu ni stoo ya jumla, unapewa zote.

Tupige hesabu. Chukua leza ya betri mbili ndogo za rimoti, yaani volti 3. Daiodi inachukua 2.2, zinabaki 0.8 kwenye rizista, tuseme ni ya ohmu 27, unapata karibu miliampia 30, salama. Ile ile ukiipa 5V, kwenye rizista zinabaki 2.8, gawanya kwa 27 unapata zaidi ya miliampia 100. Itawaka sana, wanafunzi watashangilia, alafu baada ya muda mfupi itakuwa mwanga mwekundu hafifu kama LED ya kawaida, ile nukta kali haipo tena. Hapo sehemu ya mbele ya daiodi inapotokea mwanga imeshaungua na hakuna fundi wa kuirudisha, na mimi wananiletea hizo wakidhani ni switchi.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kata volti kwa daiodi za kawaida zisizotoa mwanga, zenye namba 1N4007, kila moja inakula kama 0.7. Kama leza yako ni ya betri tatu za saa, yaani 4.5V, daiodi moja kwenye waya wa chanya inatosha, unabaki na 4.3. Kama ni ya betri mbili weka tatu mfululizo, unabaki na 2.9 hivi. Juu ya hapo ongeza rizista ya ohmu 10 ifanye ile kazi ya ubahili wa betri. Ukitaka ya kitaalamu zaidi kuna LM317, kidude cha miguu mitatu cha kudhibiti umeme, unaifunga kama kizuizi cha mkondo, hesabu yake ni 1.25 gawanya kwa rizista, ukiweka ohmu 47 unapata kama miliampia 27, ila hiyo inakula volti zake kwa hiyo usitumie chaji ya 5V, tafuta adapta ya 9V. Na kabla ya yote chukua mita upime, kwanza mkondo wa leza ikiwa na betri mpya, uandike, alafu ukishaweka adapta usizidishe hapo. Zile adapta za zamani nzito zenye transfoma, yaani koili za kushusha umeme na kuutenga na wa ukutani, usiziamini maandishi, imeandikwa 3V ukipima bila mzigo unakuta 5 au zaidi.

Chanya na hasi nayo mnaikosea sana. Leza nyingi hizi bodi ya chuma ndo chanya na springi ya ndani ndo hasi, kinyume na tochi nyingi tulizozoea. Funga leza kwanza, hakikisha imekaa, alafu ndo uchomeke ukutani, usichomeke kwanza ukawa unagusagusa waya, zile cheche ndogo kapasita ya ndani ya adapta, kile kidude kinachohifadhi chaji, ikimwaga chaji yake zinatosha kuua daiodi.

Sasa linalonitisha zaidi, mhariri. Kuna viadapta vyepesi vya bei ya kutupa ambavyo ndani havina transfoma kabisa, wanashusha umeme wa ukutani kwa kapasita tu. Kwenye taa iliyofunikwa plastiki sawa, lakini kwenye leza ambayo bodi yake ya chuma imeungwa na waya wa chanya, maana yake mwanafunzi ameshika volti 230 mkononi. Mwalimu akifungua adapta asione transfoma hata ndogo, aitupe.

Halafu msiibane switchi kwa selotepu siku nzima kwa sababu tu umeme haulipiwi kama betri. Vile vidude vimetengenezwa kwa kubonyeza na kuachia, havina pa kupitisha joto. Na macho jamani, stika inaweza kusema chini ya miliwati 1 wakati ndani ni 5 au zaidi, na mkondo ukizidi mwanga nao unazidi, za kijani ndo usiseme kwa sababu nyingi zinaanza na mwanga wa infraredi usioonekana na za bei rahisi mara nyingi hazina kichujio cha kuuzuia. Ifungwe kwenye stendi ielekee ukutani, basi.

Wapo watakaosema si bora pawabanki. Nimeijaribu, nyingi zinajizima zenyewe manake leza inakula kidogo mno, pawabanki inadhani hamna kitu kimechomekwa. Ukiweka na balbu ya LED pembeni ishirikiane nayo wakati mwingine inakubali.

Mhariri kama nafasi ipo naomba mtoe na mchoro wa hizo daiodi na rizista, nitawaletea nimeuchora kwa mkono, manake ile barua ya mwanzo najua kuna walimu wameshaikata wakaibandika maabara.

Fundi redio,
Morogoro