Uzalendo haukabi kona

Mhariri,

Wachambuzi wetu wakiishiwa hoja husema wachezaji wa Taifa Stars hawana uzalendo. Chukua mechi ya AFCON dhidi ya Zambia, Januari 21, 2024. Msuva wetu alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki wachezaji 10 kabla ya mapumziko, kisha mshambuliaji wao Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, mpira wa kona. Uzalendo unaingia wapi hapo? Ulizeni nani alipangiwa kumkaba Daka, na kwa nini timu yenye mtu wa ziada ilirudi nyuma badala ya kutanua uwanja kwa mawinga. Kocha wa taifa hupata siku chache tu za mazoezi. Falsafa ya uchezaji mnayoidai kwake haijengeki humo. Kukaba kona, naam, kunafundishika. Hapo mbaneni kocha.

Msomaji, Dar es Salaam