Barua ya wazi kwa wapagazi wa Moshi: Aprili hulipwa na Agosti

Wanangu mnaobeba mizigo ya wageni njia za Machame, Marangu na Lemosho, poleni na mlima Kilimanjaro.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Masika haya, huku Majengo na Pasua, kijana anayepanda na kilo 20 mgongoni anapita uchochoroni kumkwepa binti mwenye daftari la marejesho. Kadi yake ya benki iko kwenye pochi ya binti kama dhamana ya mkopo, na namba ya siri amempa mwenyewe.

Tupige hesabu ya kausha damu, huo mkopo wa kurejesha kila siku. Umeandikiwa 100,000, wakakata 10,000 ya fomu, ukapokea 90,000. Unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Umelipa 40,000 juu ya 90,000, utasema riba ni asilimia 44. Hapana, mwanangu. Wiki ya pili ikiisha, karibu nusu ya mkopo umesharudisha, ila riba unalipia wote. Kwa wastani umeshika kama 45,000 tu, kwa hiyo riba ya mwezi ule inakaribia asilimia 90. Mkopeshaji mwenye leseni daraja la pili, yule anayekopesha bila kupokea amana, kikomo chake ni asilimia 3.5 kwa mwezi! Siku ukikosa, faini. Unakopa kwa wa pili umlipe wa kwanza, na hapo ndipo damu inapokauka.

Mikopo ya kwenye simu ni ndugu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Ukiiruhusu isome majina ya simu yako, ukichelewa atapigiwa mama mkwe.

Masika si ajali. Aprili na Mei wageni hupungua, Novemba vilevile. Nyumba ikila 250,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni 750,000. Ukipanda mara 15 kwa mwaka, ni 50,000 kila safari. Itenge siku unayoshuka, kabla ya kuoga, kabla ya mbege. Iweke isikotoka kirahisi: akaunti ya malengo, au kikoba chenye kasha la kufuli tatu, kila funguo na mtu wake.

Tipu ya dola: noti ndogo na zilizochakaa hubadilishwa kwa bei ya chini, basi mwombeni kiongozi awaeleze wageni mapema. Kutoa 10,000 mara tano kwa wakala kuna makato makubwa kuliko 50,000 mara moja. Ada na sare za Januari zianze Julai. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea hata waliojiajiri.

Na sisi wazazi tusijifiche. Tunamtumia kijana kadi ya kipaimara ya laki moja tukijua hajapanda tangu Machi, kisha tunamcheka akikopa. Na wenye kampuni wanaochelewesha posho wiki tatu, huyo binti wa daftari mnamlisha nyinyi.

Uliyekwishanasa, andika madeni yote karatasi moja. Anza na linalokula kila siku. Omba kikoba kikukopeshe ulimalize kwa mara moja, udai risiti. Kesho asubuhi nenda benki na kitambulisho, kadi ile ifungwe, upewe nyingine. Deni utalilipa, ila kwa mkono wako. Namba ya siri mpya usimwambie mtu, hata mimi.