Anayejibu shairi asihesabiwe mwizi

Mhariri,

Kelele za wasanii kuhusu wizi wa kazi zao nazikubali. Anayepiga picha riwaya nzima ya mtihani, ukurasa kwa ukurasa, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi amemwibia mwandishi, na kusema "ni kwa ajili ya watoto" hakumtakasi. Ninaloteta ni kumtia kapu moja na mtu anayechukua kipande ili akieleze au akijibu.

Nafundisha fasihi hapa Mombasa. Niliwahi kupandisha mtandaoni somo la video kuhusu wimbo mmoja wa taarab. Nausikilizisha ubeti, nasimamisha, nafumbua fumbo, naendelea. Jina la mtunzi, la mwimbaji na la kundi nimeyataja mwanzoni. Somo likafungwa siku hiyohiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, mradi chanzo kitajwe, lakini aliyelifunga ni mashine ya mtandao huo, na mashine hulinganisha sauti tu. Haijui mhakiki ni nani na mchuuzi wa kanda bandia ni nani.

Uhakiki angalau umo katika sheria, pamoja na utafiti, matumizi ya binafsi na kuripoti matukio. Anayejibu kwa kutunga ndiye simwoni katika orodha hiyo, na ushairi wa pwani umekulia humo. Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, alirushiana beti na washairi wa Lamu, kila mmoja akimrudishia mwenziwe maneno yake. Takhmisa, ambayo wanafunzi wetu huikariri kama "mishororo mitano" basi, asili yake ni mtunzi kuchukua mistari ya mwenziwe, miwili miwili, na kuiongezea mitatu yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliufanyia hivyo utungo wa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, nasi tunamhesabu miongoni mwa magwiji.

Najua nitaambiwa Liyongo hakuwa akiuza albamu. Kweli. Mwimbaji wa leo anakula kwa wimbo wake, kwa hiyo swali liwe: je, kazi mpya inamnyang'anya soko? Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipima hivyo kesi ya kundi la 2 Live Crew, lililoufanyia dhihaka wimbo wa Roy Orbison. Ikasema kuuza dhihaka hiyo peke yake hakuifanyi kuwa haramu. Itazamwe pia imeongeza nini na imemdhuru vipi mwenye wimbo.

Wabunge watuongezee kifungu chenye kipimo kama hicho, kiwataje wazi wanaojibu na wanaodhihaki. Bodi ya Hakimiliki nayo idai kwamba malalamiko dhidi ya kazi ya Mkenya yasomwe na binadamu kabla ya kazi kufungwa, na anayelalamika bila msingi alipe gharama.

Mwalimu wa fasihi,
Mombasa