Usiking'oe choo, kisikilize kwanza

Sahibu yangu,

Barua yako nimeipata, na nashukuru kusikia kwamba nyumbani mu wazima wote, ila usingizi ndio umewapotea. Nilipofika pale unaposema choo kinalia "shiii" usiku kucha na kwamba umeamua kuking'oa kizima uweke kipya, nikaona nisilale kabla sijakujibu. Tafadhali usiking'oe. Choo hicho hakijafa. Kuna kitu kimoja kidogo ndani ya tangi kimechoka, na kazi yote ni kukijua ni kipi. Kukibadilisha kwenyewe hakuzidi nusu saa.

Nasema hivi kwa sababu changu kimenisumbua miezi miwili. Nilisikia maji yanaingia kwenye tangi, nikasema basi, mbovu ni kile kinachoingiza maji. Nikanunua koki mpya ya boya, nikaifunga, na usiku uleule sauti ikarudi. Kumbe koki ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Maji yalikuwa yakivuja kwa chini, penye ule mpira unaoziba tundu la kushushia maji chooni. Tangi likipungua, boya linashuka. Boya likishuka, koki inafunguka. Nilichokuwa nikikisikia ni koki inayofidia maji yaliyokwisha kupotea.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Ondoa mfuniko wa tangi uulaze mahali pa salama, maana ni kauri, na ukipasuka kuupata unaofanana nao ni taabu. Subiri maji yajae, uweke alama ya penseli ndani ya tangi pale yalipofika. Halafu funga koki ya ukutani inayopeleka maji kwenye tangi, na uwaambie watu wa nyumbani wasivute maji kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji yameshuka chini ya alama, yanapita kwenye mpira. Ukikuta yamebaki palepale, mpira ni mzima na mgonjwa ni koki ya boya: haifungi sawasawa, maji yanapanda mpaka yanamwagikia ndani ya ule mrija uliosimama tangini, mrija wa kufurikia, na kuteremka chooni bila wewe kuyaona.

Kwangu yalishuka sentimita 2 katika nusu saa. Nilitaka kujua ni maji kiasi gani, nikachukua rula. Tangi langu kwa ndani ni kama sentimita 40 kwa 15, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 0.6. Sentimita 2 kila nusu saa ni kama lita 58 kwa siku. Karibu ndoo tatu za lita 20, kila siku, kwa miezi miwili, na sakafuni hakuna hata tone! Kelele nilikuwa nimekwisha kuizoea. Hesabu hii ndiyo iliyoniuma.

Ikiwa ni mpira, funga koki ya ukutani, vuta maji yote, kisha pitisha kidole juu yake. Kidole kikitoka na weusi, mpira umeoza, usihangaike kuusafisha. Vile vidonge vya dawa vinavyotumbukizwa ndani ya tangi ili choo kinukie, hasa vyenye klorini, huula mpira haraka, basi kama mnavitumia viacheni. Ukiununua mwingine nenda na ule wa zamani mkononi, kwa sababu kuna wa tundu la inchi 2 na wa inchi 3, na mmoja hauzibi mahali pa mwenzake. Kabla ya kuufunga, futa vizuri kingo za tundu. Chokaa kidogo tu iliyoganda pale inatosha kupitisha maji. Angalia na mnyororo unaouinua mpira: ukiwa mfupi unauning'iniza mpira, ukiwa mrefu unaingia chini yake. Uache ulegee kama sentimita 1. Ikiwa choo chako ni cha vitufe viwili juu ya tangi, hutaona mnyororo. Utaona kama mnara wa plastiki katikati. Mingi huchomoka ukiuzungusha robo mzunguko, na chini yake kuna pete ya mpira ya kuosha au kubadilisha.

Ikiwa ni koki ya boya, inua boya kwa mkono. Maji yakikatika na kelele ikanyamaza, koki inaweza kufunga, ni boya tu limewekwa juu mno. Lishushe mpaka maji yakome kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa mrija wa kufurikia. Lakini ukiinua boya na maji bado yanaingia, ndani ya koki kuna mchanga, au washa, kile kipande cha mpira kinachozuia maji, imekwisha. Mchanga huingia sana maji yakirudi baada ya kukatika. Funga koki ya ukutani, fungua kichwa cha koki ya boya, kifunike kwa kikombe kilichopinduliwa, kisha fungua maji kwa sekunde chache yasukume uchafu utoke. Bila kikombe utaloa wewe na dari.

Na kile kimrija chembamba kinachojaza maji kwenye bakuli, mdomo wake ubaki juu ya mrija wa kufurikia. Kikisukumwa mpaka chini ndani yake, kinaweza kunyonya maji ya tangi polepole, nawe ukalaumu mpira usio na kosa.

Umesema pia kwamba mara nyingine choo kinajijaza chenyewe ghafla usiku wa manane bila mtu kuingia, na watoto wanaogopa. Waambie wasiogope, ni tangi limevuja mpaka boya likashuka. Kwa dalili hiyo peke yake mimi ningeanza na mpira. Kingekuwa kinanguruma kama honi wakati wa kujaa, ningeshuku washa ya koki, ikizeeka hutetemeka maji yakiipita.

Ila hili uliloniandikia, la kufunga koki ya ukutani kila usiku na kuifungua asubuhi, liacheni mkishatengeneza. Koki hizo hazipendi kuzungushwa kila siku, nazo zikichakaa huanza kuvuja shingoni, na hapo maji yatakuwa sakafuni.

Pima kesho, halafu uniandikie siku hiyohiyo: maji yameshuka chini ya alama, au yamebaki?

Wako wa siku zote